Joto linavyogusa viumbe na vifaa vya umeme: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ndiyo yanayojirudia Dar es Salaam miongoni mwa mafundi wa friji, vijana wanaounda sensa, wafugaji wa kuku, wazazi wenye watoto wadogo na watu wa pwani. Tumeanza na ya msingi, yenye utata yako mwishoni. Nyuzi zote zilizotajwa ni za Sentigredi.

## Mambo ya msingi

Kitu kikisemwa kina unyeti mkubwa kwa joto, maana yake nini?

Maana yake ni kwamba joto likipanda au kushuka kidogo tu, kitu hicho kinabadilika kwa kiasi kinachopimika. Unyeti ni kiasi cha badiliko kwa kila nyuzi. Sensa ya platinamu ya viwandani yenye ukinzani wa omu 100 kwenye nyuzi 0 huongezeka omu 0.385 hivi kwa kila nyuzi, hata ifikapo nyuzi 100 inasoma omu 138.5. Thamista ya kiloomu 10, ile punje ndogo nyeusi wanayoinunua Kariakoo vijana wa Arduino (bodi ndogo za kujifunzia elektroniki), hupoteza zaidi ya asilimia 4 ya ukinzani wake kwa kila nyuzi ikiwa kwenye joto la chumba. Volti ya daiodi ya silikoni hushuka milivolti 2 hivi kwa nyuzi.

Kwa viumbe, wanabiolojia huhesabu kwa hatua ya nyuzi 10. Mjusi wa ukutani au samaki, ambao hawajipashi joto wenyewe, shughuli nyingi za miili yao huenda kasi mara 2 hadi 3 zaidi joto likipanda nyuzi 10.

Unyeti huo ni namba moja ya kudumu?

Hapana, na wengi hukosea hesabu hapa. Chukua thamista ya kiloomu 10 yenye beta (namba inayoonyesha jinsi ukinzani wake unavyofuata joto) ya 3950. Kwenye nyuzi 0 ukinzani wake ni kiloomu 33 na ushei, na hubadilika asilimia 5.3 kwa nyuzi. Kwenye nyuzi 25 hubadilika asilimia 4.4. Iweke kwenye joto la maji yanayochemka, itabaki na omu 700 hivi na kubadilika asilimia 2.8 tu. Kifaa ni kilekile, ila kadiri joto linavyopanda ndivyo kinavyozidi kuwa kizito wa kuhisi.

Kwa kiumbe hali ni ngumu zaidi. Vimeng'enya huchapuka kazi joto likipanda, kisha vikifika kikomo chake umbo lake huvunjika na kazi husimama ghafla. Kwa hiyo swali "je, kinaathiriwa na joto?" halitoshi. Uliza: kwenye nyuzi ngapi, baada ya kupitia hali gani, na kimechanganywa na nini? Karibu majibu yote yaliyo hapa chini yanazunguka mambo hayo matatu.

Kwa nini kiumbe na kipande cha silikoni viwekwe kwenye somo moja?

Kwa sababu vyote viwili vina kizuizi cha nishati cha kuvukwa. Mwaka 1889 Svante Arrhenius, mwanasayansi wa Sweden, alionyesha jinsi kasi ya mmenyuko wa kemikali inavyopanda na joto: nishati ya joto ikiongezeka, molekuli nyingi zaidi huweza kuvuka kizuizi. Elektroni kwenye semikondakta nazo hurushwa na joto kuvuka pengo la nishati. Pengo la silikoni ni elektroni-volti 1.12, la jemaniamu ni 0.66. Pengo dogo huvukwa kirahisi, na ndiyo maana transista za jemaniamu za redio za zamani zilianza kusumbua kwenye joto ambalo silikoni hulivumilia bila shida.

Tofauti ipo, nayo ni kubwa. Silikoni haiwezi kuamua kubadilisha pengo lake. Kiumbe hujirekebisha.

## Mwili wa binadamu

Kwa nini pilipili huonekana kama moto, na supu yenye pilipili ikaunguza zaidi?

Kwenye ncha za mishipa ya fahamu kuna protini iitwayo TRPV1, ambayo ni kama mlango. Kwa kawaida hufunguka joto likifika nyuzi 43 hivi, pale mwili unapoanza kuona hatari ya kuungua. Kapsaisini, kemikali inayoipa pilipili ukali, huufungua mlango huo hata bila moto, na zaidi ya hapo hushusha kiwango cha joto cha kuufungua. Ndiyo maana supu ya pweza iliyokwisha kupoa kiasi, ikitiwa pilipili kichaa, unaiona kana kwamba imeipuliwa sasa hivi. Ulimi haujazua kitu; kipimo chake kimesogezwa. David Julius na wenzake waliitambua protini hii mwaka 1997, na mwaka 2021 yeye na Ardem Patapoutian walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kazi zao kuhusu vipokezi vya joto na mguso.

Mentholi hufanya kinyume. Hugusa kipokezi cha baridi, TRPM8, na kukifanya kifunguke mapema, hivyo ukinywa maji ya kawaida ukiwa na pipi ya minti mdomoni unayaona ya baridi.

Wanyama wengine wamepewa mlango huohuo ukiwa na mpangilio tofauti. TRPV1 ya kuku haijali kapsaisini, na ukimmwagia mbegu za pilipili uani atazidonoa bila wasiwasi. Popo wanyonyadamu wa Amerika ya Kusini wana, kwenye mishipa ya fahamu ya usoni, toleo la protini hiyo lililofupishwa mwishoni, linalofunguka kwenye nyuzi 30 hivi, na kwa hilo hutambua mahali damu ya moto inapopita karibu na ngozi. Mimi naona huu ndio mfano mzuri kuliko yote wa unyeti kubadilishwa kwa kupunguza kipande kidogo cha protini.

Nimechomwa na jua ufukweni, sasa maji ya vuguvugu yananiunguza. Maji yana nini?

Maji hayana kitu. Ngozi iliyojeruhiwa hutoa kemikali za uvimbe ambazo hushusha kizingiti cha TRPV1, hadi joto la kawaida kabisa likasomeka kama la kuunguza. Ni jambo lilelile la pilipili, safari hii mwili umejitilia wenyewe. Hupungua jeraha linapopona.

Mtoto anachemka lakini anatetemeka na kusema anasikia baridi. Inawezekanaje?

Ubongo umepandisha kiwango unachokilenga. Sehemu iitwayo haipothalamasi hulinda joto la mwili kwenye nyuzi 37 hivi. Maambukizi yakiingia, kemikali ziitwazo prostaglandini huisukuma ilenge, tuseme, nyuzi 39. Mtoto mwenye nyuzi 38 anakuwa chini ya kiwango hicho kipya, kwa hiyo mwili wake unatetemeka ili uongeze joto. Homa inaposhuka anatoka jasho kwa sababu kiwango kimerudi chini. Parasetamo hufanya kazi kwa kupunguza prostaglandini hizo.

Usimfunike mablanketi mazito. Mpeleke kituo cha afya apimwe malaria badala ya kukisia, na mtoto wa chini ya miezi 3 akifika nyuzi 38 asisubiri hadi asubuhi.

Nimehamia Dar kutoka Njombe. Joto hili nitalizoea?

Utalizoea kwa sehemu kubwa, ndani ya wiki moja hadi mbili za kuwa nje na kujishughulisha. Mwili huanza kutoa jasho mapema na kwa wingi zaidi, jasho lenyewe huwa na chumvi kidogo, maji ya damu huongezeka na moyo hauendi mbio kama mwanzo. Ukishinda kwenye kiyoyozi mwili haujifunzi. Ukirudi baridini wiki chache, mazoea hayo hupungua.

Kinachomsumbua mgeni kuanzia Desemba hadi Machi mara nyingi ni unyevu wa hewa. Jasho hupoza pale tu linapokauka, na hewa ya pwani iliyojaa mvuke hairuhusu likauke upesi. Nyuzi 32 za Dar na nyuzi 32 za Dodoma si mzigo mmoja mwilini, hata kama kipimajoto kinasema ni sawa. Na kuzoea kuna mpaka: mbebamizigo aliyezaliwa Temeke naye huugua kwa joto akikosa maji na kivuli.

Nikigusa kwa mkono siwezi kujua joto la kitu?

Kwa kukisia tu. Ngozi husoma zaidi joto linaloingia au kutoka, na hulinganisha na ilikotoka. Tia mkono mmoja kwenye maji ya barafu na mwingine kwenye maji ya moto kiasi, kisha yote miwili kwenye beseni la vuguvugu: mmoja utasema moto, mwingine utasema baridi. John Locke alilieleza jambo hili karne ya 17, na bado kuna wanaopima homa kwa kiganja.

## Bahari, mbu na mazao ya pwani

Maji yakipanda nyuzi moja tu, kwa nini matumbawe yafe?

Kwa sababu matumbawe huishi karibu sana na kikomo chake. Ndani ya tishu zake kuna mwani wa seli moja unaoyalisha na kuyapa rangi. Maji yakizidi kwa nyuzi 1 wastani wa mwezi wenye joto zaidi wa eneo hilo, na hali ikadumu kwa wiki kadhaa, ushirika huo huvunjika: matumbawe huufukuza mwani na kubaki meupe. Hayajafa hapo, lakini yana njaa. Wataalamu hujumlisha ziada ya joto kwa wiki 12. Jumla ya nyuzi-wiki 4 (kwa mfano, ziada ya nyuzi 1 kwa wiki 4) huashiria kupauka kwa wazi, na ikifika 8 vifo vingi hutarajiwa. Muda una uzito sawa na joto lenyewe.

Mwaka 1998 Bahari ya Hindi ya magharibi ilipigwa vibaya, pwani ya Tanzania ikiwemo. Aprili 2024 wanasayansi walitangaza tukio la nne la kupauka kwa matumbawe duniani kote. Anayezamia kwenye visiwa vya Mbudya au Bongoyo anatazama viumbe vilivyokwisha kupita kwenye majaribu hayo.

Kikomo chenyewe si kimoja kila mahali. Matumbawe ya Ghuba ya Uajemi hustahimili maji ya majira ya joto ambayo yangeua jamaa zao wa hapa kwetu, maana vizazi vyao vimechujwa na joto hilo. Inatia moyo, ila uchujaji wa namna hiyo huchukua muda ambao ongezeko la sasa halitoi.

Wakulima wa mwani wanasema kotonii imewashinda. Ni joto?

Joto ni sehemu kubwa ya sababu. Kotonii ndiyo aina ya mwani yenye bei nzuri, na ndiyo dhaifu zaidi maji ya kina kifupi yanapopita nyuzi 30 na ushei: hunyong'onyea, huota madoa meupe na kukatika. Spinosamu, aina nyingine ya mwani, huvumilia zaidi lakini bei yake ni ndogo. Baadhi ya wanawake wanaolima mwani wamelazimika kusogea maji ya kina, na huko unahitaji boti na kujua kuogelea. Tofauti ndogo ya unyeti kati ya aina mbili za mmea imegeuka kuwa tofauti ya kipato cha familia. Suala hili linastahili kupewa uzito kuliko linavyopewa.

Dunia ikizidi joto, malaria itaongezeka kila mahali?

Si kila mahali. Uambukizaji wa malaria hushamiri kwenye nyuzi 25 hivi. Chini sana ya hapo vimelea huchelewa kukomaa ndani ya mbu. Juu sana mbu hufa kabla vimelea havijakomaa. Maeneo ya milimani yana sababu ya kuhofia zaidi. Kwa Dar, angalia dengi: mbu wake, Aedes aegypti, hufanya vizuri zaidi kwenye nyuzi 29 hivi, na jiji limeshapata milipuko mwaka 2014 na 2019.

Si tungetegemea viumbe vya nchi za joto viwe sugu?

Vimezoea joto, hiyo ni kweli, lakini havijazoea mabadiliko. Mwaka 1967 mwanaikolojia Daniel Janzen alitoa hoja kwamba kiumbe kinachoishi mahali ambapo misimu inafanana huwa na nafasi finyu ya kuvumilia. Mdudu wa nchi zenye theluji amejiandaa kwa baridi kali na joto kali. Wa kwetu anaishi mwaka mzima karibu na dari lake.

## Vifaa vya umeme

Waya wa shaba ukipata moto ukinzani unaongezeka, thamista unapungua. Nani yuko sahihi?

Zote mbili. Shaba ina elektroni huru tele tangu mwanzo. Joto hutikisa atomi na kuzuia elektroni zisipite vizuri, hivyo ukinzani hupanda asilimia 0.39 hivi kwa nyuzi. Thamista ya NTC (ile ambayo ukinzani wake hupungua joto likipanda) imetengenezwa kwa oksidi za metali zenye elektroni huru chache, na joto huzifungulia nyingine. Michael Faraday aliiona tabia hiyo kwenye salfaidi ya fedha mwaka 1833.

Silikoni iliyotiwa kichanganyio hufanya yote mawili. Kwenye joto la kawaida ukinzani wake hupanda kama wa metali. Likipanda sana, elektroni mpya humiminika na ukinzani huporomoka. Alama ya unyeti imegeuka ndani ya kipande kilekile, na mara nyingi huo ndio mwanzo wa transista kujiunguza.

Umeme umekatika na kurudi baada ya dakika moja. Friji inanguruma kidogo, inasema "tak!", inakaa kimya. Imeungua?

Huenda haijaungua. Friji nyingi zisizo za inveta huwasha kompresa kwa msaada wa kidonge cha PTC (ambacho ukinzani wake hupanda joto likipanda), kisahani cha bariamu titaneti kilicho ndani ya rilei. Kikiwa cha baridi kina ukinzani wa omu chache hadi makumi, hivyo hupitisha umeme kwenye waya wa kuanzishia mota. Umeme huo hukipasha, na kikipita nyuzi 120 hivi ukinzani wake huruka maradufu kwa maradufu, hadi mara elfu. Waya wa kuanzishia unakatwa, mota inaendelea na waya wake mkuu. Kisahani hubaki cha moto muda wote friji inapofanya kazi.

Sasa umeme unakatika na kurudi hapohapo. Kisahani bado ni cha moto na njia ya umeme wa kuanzishia imefungwa, na gesi ndani ya mabomba haijasawazisha msukumo wake. Mota inapata umeme lakini haiwezi kuanza kuzunguka. Inanguruma, inavuta ampea nyingi, kisha ovalodi, kinga ya mota, inakata. Ile "tak!" ndiyo hiyo.

Chomoa friji, subiri dakika 5, chomeka. Friji gadi yenye kuchelewesha umeme hufanya kazi hiyo kwa niaba yako, na kwa mitaa ambayo umeme hukatika na kurudi mara kwa mara ningeinunua kabla ya kitu kingine chochote cha jikoni. Ikiwa baada ya kupoa bado haiwaki, fundi achomoe rilei na kuitikisa: ikilia kama punje ndani ya njuga, mara nyingi kisahani kimepasuka. Apime pia ukinzani kikiwa cha baridi.

Paneli ya sola si inapenda jua? Kwa nini mchana wa joto inatoa kidogo?

Inapenda mwanga, haipendi joto. Paneli nyingi za silikoni hupoteza asilimia 0.3 hadi 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzi juu ya 25. Kwenye bati la Mbagala saa saba mchana, paneli ikifika nyuzi 60, hesabu hasara ya asilimia 12 hivi. Acha nafasi ya hewa kati ya paneli na bati.

Na simu?

Betri za lithiamu nyingi hazipaswi kuchajiwa zikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 45. Simu hupunguza kasi ya chaji na ya prosesa ili kujilinda. Usiichaji chini ya mto wala kwenye dashibodi.

Kiwango cha joto ambacho kifaa hubadilika kinaweza kusogezwa kwa makusudi?

Ndiyo, kama pilipili inavyosogeza kizingiti cha ulimi. Bariamu titaneti ikichanganywa na strontiamu, nyuzi zake 120 hushuka. Ikitiwa madini ya risasi hupanda. Vanadiamu daioksidi huwa kihami kwenye joto la chumba, na ikifika nyuzi 68 hivi hugeuka kupitisha umeme kama metali. Ukiitia tangsteni kwa asilimia 1 au 2 tu ya atomi, kiwango hicho hushuka hadi karibu na joto la mchana wetu, na ndiyo maana watafiti wanaijaribu kwenye vioo vya madirisha vinavyozuia joto la jua vyenyewe.

## Maswali ya pembeni

Thamista yangu inasoma juu kuliko kipimajoto. Ni feki?

Kabla ya kulaumu duka, angalia kama inajipasha yenyewe. Thamista ya kiloomu 10 ikiunganishwa na rezista ya kiloomu 10 kwenye volti 5 hula miliwati 0.6, na kwenye hewa tulivu punje ndogo hupanda kwa sehemu ya nyuzi. Ukitumia ya kiloomu 1 na rezista ya kiloomu 1, inakula mara 10 ya hapo na kosa linaweza kufika nyuzi 3. Washa umeme wa sensa wakati wa kusoma tu.

Kifaa nacho huzoea joto kama mwili?

Hakizoei, huzeeka. Kwa kapasita za elektrolitiki, mafundi hutumia kanuni kwamba kila nyuzi 10 za ziada hupunguza maisha yake kwa nusu. Kiumbe kilichopigwa joto la wastani kinaweza kutoka kikiwa imara zaidi, kwa sababu hutengeneza protini za kukinga nyingine zisivunjike. Ferruccio Ritossa aliona dalili za kwanza za mwitikio huo kwenye nzi wa matunda, na kuuchapisha mwaka 1962.

Mashine yangu ya kutotolesha inaonyesha 37.5 lakini vifaranga wanafia ndani ya yai. Tatizo ni sensa au mayai?

Anza na sensa, na ipime pale inapofanyia kazi. Barafu iliyopondwa kwenye maji itakupa nyuzi 0, na maji yanayochemka Dar, usawa wa bahari, yatakupa 100 (Mbeya yatachemka kwenye 94 hivi). Lakini sensa iliyo sahihi kwenye ncha hizo mbili inaweza kukosea katikati, kwa sababu iliyoelezwa kwenye swali la pili. Funga sensa isiyoingiza maji pamoja na kipimajoto cha homa cha dijitali, vitumbukize ncha kwenye kikombe cha maji ya nyuzi 37 hadi 38, koroga, linganisha.

Kisha angalia ilipowekwa. Mashine yenye feni hulenga 37.5 hadi 37.8. Isiyo na feni ina hewa ya moto juu na ya baridi chini, kwa hiyo pima usawa wa juu ya mayai na ulenge 38.3 hadi 38.9.

Halafu kumbuka kwamba yai lenyewe hubadilika ndani ya siku 21. Siku za mwanzo hupokea joto kutoka kwenye hewa. Kuanzia wiki ya pili kuisha, kifaranga hutoa joto lake na yai huwa la moto kuliko hewa inayolizunguka, hivyo mpangilio uliofaa siku ya 5 unaweza kuua siku ya 18. Kiinitete huvumilia kupoa kwa saa chache, ila nyuzi 40 humwangamiza upesi. Umeme ukikatika wiki ya kwanza, funga mlango ulinde joto. Ukikatika siku za mwisho na mashine imejaa, fungua matundu, kwa sababu feni imesimama na mayai bado yanapashana joto.